Tunu, Babu na Kopo la Kijani

Sogeeni karibu. Mmesogea? Na wewe uliye kule nyuma, unasikia? Haya, tuanze.

Huyu ni Tunu. Ana miaka saba. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, na mengine yako njiani yanakuja.

Tunu anaishi na Babu na Bibi kule Soni, milimani. Nyumba yao iko bondeni. Shule iko juu kilimani.

Babu humwita Tunu "mke wangu". Bibi humwita "mke mwenzangu". Ni utani wa babu, bibi na mjukuu wao, na Tunu anaupenda sana.

Kila asubuhi Babu humsindikiza Tunu shuleni. Wanapanda kilima pamoja.

Ko, ko, ko, mkongojo wa Babu.
Pa, pa, pa, viatu vya Tunu.

Wanapita bomba la maji. Wanapita jiwe kubwa. Wanafika kwenye geti la shule.

Hapo getini Babu humwekea Tunu mkono kichwani. Husema, "Kasome, mke wangu." Ndipo Tunu huingia darasani.

Lakini siku hizi Babu anachoka. Anakunywa maji, glu glu glu. Baada ya muda kidogo ana kiu tena.

Siku moja walifika kwenye jiwe kubwa. Babu akaketi, puu.

"Tangulia tu, mke wangu," alisema. "Miguu yangu leo imegoma."

Kesho yake miguu ikagoma tena. Na keshokutwa yake.

Tunu akawa anafika getini peke yake. Hakuna mkono kichwani. Hakuna wa kumwambia "kasome". Hakupenda hata kidogo.

Bibi naye hakupenda. Alifunga kanga yake vizuri, akachukua mwavuli.

"Leo hakuna maneno," alisema Bibi. "Twende zahanati."

Wakaenda wote watatu.

Kule zahanati alikuwepo Nesi Batuli. Alimwamkia Babu, akamwamkia Bibi. Tunu naye akamwamkia nesi.

Nesi Batuli akamtoboa Babu kidole. Chu. Tone dogo la damu likatoka. Babu alifumba macho. Tunu hakufumba.

Nesi akatazama kipimo chake kidogo. Akatikisa kichwa.

"Mzee, sukari yako imepanda," alisema. "Ndiyo maana unachoka. Ndiyo maana una kiu."

"Sasa nifanye nini, mwanangu?" aliuliza Babu.

"Meza dawa nitakazokupa, kila siku. Tembea kidogo kidogo. Na vitu vya sukari, upunguze. Ukinunua chakula cha kopo au cha pakiti, soma kwanza maandishi ya nyuma. Uje tena mwezi ujao nikupime."

Babu akacheka. "Maandishi yale? Madogo kama sisimizi. Macho yangu yanaona mlima. Sisimizi hayawaoni."

"Bibi je?" aliuliza Nesi.

"Miwani yangu ameikalia huyu," alisema Bibi, akimwonyesha Babu. "Ameikalia na kuivunja."

Babu akatazama dari. Mimi simo. Mimi nasimulia tu.

Nesi Batuli akamgeukia Tunu. "Na wewe, binti? Unajua kusoma?"

"Najua," alisema Tunu. "Hata maneno marefu. Nayakata vipande."

"Vizuri. Basi wewe utakuwa macho ya Babu."

Nesi akatoa pakiti ya biskuti kwenye mkoba wake. Ilikuwa yake mwenyewe, ya kunywea chai, na aliona haya kidogo.

"Tazama. Mbele kuna picha," alisema. "Picha ni ya kukuvutia. Nyuma ndiko kuna habari. Hapa wameandika vitu vilivyomo. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote."

Tunu akatazama kwa makini.

"Na hapa kuna namba. Tafuta neno hili, sukari. Gramu nne ni kama kijiko kimoja cha chai."

Tunu akashika pakiti kwa mikono miwili. Kisha akauliza neno lililokuwa moyoni mwake.

"Nesi, nikisoma vizuri, Babu atafika getini?"

Nesi Batuli alimtazama Babu. Akamtazama Tunu.

"Akila vizuri, akimeza dawa zake, atapata nguvu," alisema. "Nafikiri atafika."

Basi njia nzima ya kurudi nyumbani Tunu aliimba:

Mbele picha,
nyuma habari.
Geuza kopo, geuza,
usome taratibu.

Karibu na nyumbani kuna duka la Bwana Ngoda. Babu aliona kiu. Akaingia. Akachukua chupa ya juisi.

Mbele ya chupa kulikuwa na picha ya embe. Embe kubwa, la njano, lenye jani moja.

"Hii ni embe tupu," alisema Babu. "Embe ni tunda. Tunda ni afya. Nesi mwenyewe angefurahi."

"Geuza, Babu," alisema Tunu.

"Embe nalo tuligeuze?"

"Geuza."

Babu akageuza chupa. Tunu akasoma, akikata maneno vipande vipande.

"Ma-ji. Su-ka-ri. La-dha ya em-be."

"Na embe lenyewe?" aliuliza Babu.

"Halipo, Babu. Ipo ladha yake tu."

"Limebaki kwenye picha," alisema Bwana Ngoda. Naye alikuwa hajui. Aliuza juisi ile miaka mingi na hakuwahi kuigeuza.

Tunu akaendelea. "Chupa nzima, sukari gramu thelathini na sita. Hivyo ni vijiko vingapi?"

Bwana Ngoda akamwaga maharage kwenye meza ya duka. Wakahesabu thelathini na sita. Tunu akayapanga manne manne, fungu moja kwa kijiko kimoja.

Haya, tuhesabu naye. Kijiko kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Vitano. Sita. Saba. Vinane. Tisa.

Vijiko tisa vya sukari katika chupa moja.

Babu aliirudisha ile chupa mahali pake polepole, kama anamuaga rafiki.

Kulikuwa na pakiti mbili za karanga. Tunu aligeuza ya kwanza. "Karanga, sukari, chumvi." Akageuza ya pili. "Karanga." Basi. Neno moja tu.

"Hii," alisema Tunu.

"Mzee, leo umekuja na mkaguzi," alisema Bwana Ngoda.

"Huyu ni mke wangu," alisema Babu. "Ni mkali."

Wakarudi nyumbani na karanga. Tunu alijiona mrefu kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Bibi hatupi kopo. Kopo la Bibi likiisha, analiosha, analianika juani, halafu anatia kitu kingine. Nyumba nyingi ziko hivyo. Hata kwenu, nadhani.

Sisi tunajua. Lakini Tunu hapiki. Tunu hula tu. Jambo hilo la makopo hakulifikiria kabisa.

Siku ya pili yake Bibi alikwenda shambani. Tunu akapanda kwenye kigoda. Akatazama rafu ya jikoni. Makopo yamejipanga, makubwa kwa madogo.

Mbele picha,
nyuma habari.
Geuza kopo, geuza,
usome taratibu.

Akachukua kopo la bluu. Mbele kuna picha ya biskuti. Nyuma: "Unga, sukari, siagi."

"Sukari ni ya pili," alisema Tunu. "Hili ni baya kwa Babu." Hakulifungua. Alilipeleka chini ya kitanda chake. Shwaa, likateleza hadi ukutani.

Akachukua ndoo ndogo nyekundu. Mbele kuna picha ya jamu. Nyuma: "Sukari, matunda, maji."

"Sukari ni ya kwanza kabisa. Hii ni mbaya sana." Hakuifungua. Chini ya kitanda. Shwaa.

Akachukua kopo la kijani. Mbele kuna picha ya mama amebeba bakuli la uji. Nyuma: "Unga wa ulezi." Basi. Chini kabisa: "Sukari, gramu moja."

"Gramu moja," alisema Tunu. "Haijai hata kijiko. Hili ni zuri."

Hakulifungua pia. Aliliweka mbele ya rafu, mahali Babu anapofikia.

Mmeona? Alisoma vizuri. Hakukosea hata neno moja. Lakini hakufungua.

Babu akaingia jikoni. Akaona kopo la kijani limewekwa mbele. Babu akasimama. Macho yake yakang'aa.

Mnajua kwa nini? Juzi Bibi alikaanga visheti vya wageni. Visheti vikavu, vitamu, vimepakwa sukari pande zote. Wageni wanakuja mwisho wa mwezi. Bibi alivitia ndani ya kopo la kijani na kulisukuma nyuma kabisa ya rafu.

Na Babu alikuwa amekaa palepale akimtazama.

"Mke wangu," alisema Babu, kwa sauti ya upole sana. "Kopo hili linasemaje?"

"Linasema ulezi, Babu. Sukari gramu moja."

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Umesoma vizuri?"

"Nimesoma mara mbili."

"Basi mimi ni nani nibishane na msomi," alisema Babu. Akalichukua kopo. Akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Mara ikasikika sauti.

Kruu, kruu, kruu.

Tunu akachungulia dirishani. "Babu, unakula nini?"

"Nakula kopo ulilonisomea, mke wangu."

"Ulezi unalia kruu?"

"Ni meno yangu haya. Ya kizeeni hulia hivyo."

Tunu aliridhika. Babu wake hajawahi kumdanganya. Akaenda kucheza.

Kesho yake, kruu, kruu, kruu.

Keshokutwa yake, kruu, kruu, kruu.

Bibi alitikisa kopo lake la kijani. Akalisikia limepungua.

"Humu ndani kuna panya," alisema Bibi.

"Panya wamezidi mwaka huu," alisema Babu.

"Panya huyu anafunika kopo akimaliza."

"Panya wa siku hizi wamefundishwa adabu," alisema Babu.

Bibi alimtazama Babu kwa muda mrefu. Mimi simo.

Asubuhi ya siku ya sita Babu na Tunu walianza safari ya shule.

Ko, ko, ko, mkongojo wa Babu.
Pa, pa, pa, viatu vya Tunu.

Walifika kwenye bomba la maji. Babu akaketi. Puu.

Tunu akasimama. Jiwe kubwa lilikuwa bado liko mbele. Hata kwenye jiwe hawajafika.

"Babu, hapa ni kwenye bomba," alisema Tunu.

"Naona, mke wangu. Tangulia."

Tunu akaenda peke yake. Siku nzima darasani alifikiria jambo moja tu. Nimesoma makopo yote. Mbona Babu anachoka zaidi?

Mchana alirudi mbio. Alimkuta Bibi jikoni, mikono kiunoni, anazungukazunguka.

"Mke mwenzangu, nyuzi zangu ziko wapi? Sindano zangu? Gauni lako la shule limefumuka, nataka kulishona."

"Sijaziona, Bibi."

"Na choroko zangu? Nataka nimpikie Babu yako choroko, choroko hazipo. Ndoo nzima imepotea."

"Ndoo gani, Bibi?"

"Ile nyekundu."

Tunu akaenda chumbani. Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono chini ya kitanda. Akaleta ndoo nyekundu. Akaleta na kopo la bluu.

Bibi akafungua ndoo ya jamu. Ndani, choroko. Choroko tupu, za kijani, zimejaa hadi juu.

Bibi akafungua kopo la biskuti. Ndani, uzi mweupe, uzi mweusi, sindano, vifungo vya mashati ya Babu.

Tunu akatazama picha ya biskuti. Akatazama vifungo. Akatazama picha tena.

"Bibi, kopo linasema biskuti."

"Lilikuwa la biskuti, mama. Zamani, mama yako alipokuwa mdogo. Kopo zuri silitupi."

Tunu akafikiri. Halafu moyo wake ukaruka, du.

"Na lile la kijani?" aliuliza. "Lile la ulezi?"

"Hilo nimetia visheti vya wageni," alisema Bibi.

Tunu akakimbia nyuma ya nyumba. Kopo la kijani lilikuwa kwenye benchi. Akalifungua, pop.

Ndani kulikuwa na visheti vitatu. Na sukari imetapakaa chini.

Babu alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi. Kwenye masharubu yake kulikuwa na chembe nyeupe.

Tunu hakupiga kelele. Alisimama tu ameshika kopo. Machozi yakaanza kushuka.

"Nilikusomea ili ufike getini," alisema Tunu.

Babu akajifuta masharubu.

"Nilisoma mara mbili," alisema Tunu. "Nilisoma vibaya?"

"La, mke wangu." Babu akamvuta karibu. "Ulisoma vizuri kabisa. Kosa si lako, wala si la kopo. Mimi nilijua kilichomo. Nilimwona Bibi yako akivitia. Wewe uliniamini, mimi nikakudanganya."

"Kwa nini?"

Babu akafikiri. "Kwa sababu vilikuwa vitamu," alisema. "Sina sababu nyingine. Nisamehe, Tunu."

Hakumwita mke wangu. Alimwita Tunu. Na wewe unajua, Babu akikuita kwa jina lako, hatanii.

Tunu akajifuta machozi kwa mkono wa gauni. Alikuwa bado ana hasira. Lakini alimpenda Babu wake kuliko hasira yenyewe, basi akaketi kwenye benchi karibu naye.

Bibi akatokea mlangoni.

"Panya amekamatwa?" aliuliza.

"Amekamatwa," alisema Babu. "Ana mvi."

Tunu akacheka kidogo, na pengo lake likaonekana. Bibi hakucheka. Aliketi upande wa pili wa benchi na kushusha pumzi.

"Unataka kuniacha peke yangu na makopo haya?" alimwambia Babu, taratibu. "Kula nilichokupikia, mume wangu. Sitaki kingine."

Babu akauchukua mkono wa Bibi na kuushika. Visheti vitatu vilivyobaki alivitoa mwenyewe, akampa Bibi.

Jioni ile walifanya kazi.

Bibi alipika gundi ya unga, nzito, ya kubandikia. Babu alikata karatasi, kwacha, kwacha, kwacha. Tunu alichukua kalamu.

Na safari hii Tunu alikuwa na wimbo mpya:

Mbele picha,
nyuma habari.
Fungua kopo, fungua,
uone kilichomo.

Walifungua kopo la biskuti. Tunu akaandika: UZI NA SINDANO. HAZILIWI.

Walifungua ndoo ya jamu. Tunu akaandika: CHOROKO. SUKARI NI KIDOGO SANA.

Walifungua kopo la kahawa. Lilikuwa na chumvi. Tunu akaandika: CHUMVI. CHUKUA KIDOGO.

Walifungua kopo la maziwa. Ndani kulikuwa na kopo jingine dogo, na ndani yake hamna kitu. Bibi alisema liachwe hivyohivyo, ipo siku litafaa.

Lilibaki kopo la kijani. Tunu alifikiri, akaandika kwa herufi kubwa: VISHETI VYA WAGENI. SI VYA BABU.

"Niongezee neno," alisema Babu. "Andika, ila kimoja siku ya Idi."

"Nesi akikubali," alisema Tunu.

"Haya, andika. Nesi akikubali."

Tunu akaandika. Bibi akabandika, pa. Kesho yake akakaanga visheti vingine vya wageni, na kopo la kijani akalala nalo chumbani. Bibi si mtu wa kubahatisha.

Siku zikapita.

Babu alimeza dawa zake asubuhi na jioni. Alikula choroko na mchicha. Alikunywa chai bila sukari, na mara ya kwanza alikunja uso kama aliyemeza mwarobaini. Mara ya tano alikunja nusu ya uso tu.

Dukani Babu aligeuza kila kitu kabla Tunu hajasema. Aligeuza pakiti za mkate. Aligeuza kopo la nyanya. Siku moja aligeuza hata sabuni.

"Hiyo hailiwi, mzee," alisema Bwana Ngoda.

"Mwache," alisema Tunu. "Anajifunza."

Na kila asubuhi walipanda kilima.

Ko, ko, ko, mkongojo wa Babu.
Pa, pa, pa, viatu vya Tunu.

Wiki hiyo walifika kwenye bomba, wakapumzika, wakasonga hatua kumi. Wiki iliyofuata walifika kwenye jiwe kubwa. Babu aliketi, lakini hakusema puu. Aliketi kama mtu anayeketi kwa kupenda.

Mwezi ulipoisha walirudi zahanati. Nesi Batuli akamtoboa Babu kidole. Chu. Safari hii Babu alifumba jicho moja tu.

Tunu aliushika ukingo wa meza. Nesi akatazama kipimo. Akatazama tena.

"Imeshuka, mzee," alisema. "Imeshuka vizuri. Endelea hivyohivyo, usiache dawa. Nani anakusomea?"

Babu alimwonyesha Tunu kwa mkongojo.

Asubuhi ya Jumatatu kulikuwa na ukungu Soni. Bibi alisimama mlangoni akawatazama wakiondoka.

Ko, ko, ko.
Pa, pa, pa.

Walipita bomba la maji.

Walifika kwenye jiwe kubwa. Tunu alitembea polepole, akisubiri Babu aketi. Babu alilitazama lile jiwe. Akalipita.

Ko, ko, ko.
Pa, pa, pa.

Njia ilikuwa inapanda. Babu alisimama kidogo, akavuta pumzi, akaendelea. Tunu alimshika mkono. Sauti za watoto zikaanza kusikika. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, na geti la shule likaonekana.

Babu akaligusa geti kwa mkono wake. Akaliegemea. Jasho lilikuwa linamtoka, na alikuwa anacheka.

"Mimi huyu," alisema Babu.

Tunu alimkumbatia kiunoni kwa nguvu. Kengele ikalia, na bado hakumwachia.

Babu akamwekea mkono kichwani.

"Kasome, mke wangu," alisema.

Usiku ule Tunu alilala mapema. Alikuwa amechoka kwa furaha. Bibi alimfunika shuka, akapunguza taa.

Babu alikaa mezani peke yake na kipande cha karatasi. Aliandika polepole, maana mkono wake ulikuwa umesahau kuandika. Kisha akachovya kidole kwenye gundi, akaenda chumbani kwa Tunu kwa ncha za vidole, akabandika karatasi juu ya kitanda.

Herufi zilikuwa kubwa, na zilipinda kidogo. Zilisema hivi:

TUNU.
UTAMU NI MWINGI SANA.
BABU ANARUHUSIWA KILA SIKU.

Bibi alikuja kusoma. Akachukua kalamu, akaongeza chini: NA BIBI.

Wakazima taa, wakaenda kulala.

Na wewe sasa lala. Kesho, kabla ya chai, nitakuuliza kilichomo ndani ya kopo lenu.